Usemi "Wakati wa Ndui" katika Kumbukumbu za Koo

Katika masimulizi ya koo nyingi za Kenya, nasaba hupanda bila taabu hadi kizazi cha tatu au cha nne, kisha hukatika ghafula. Msimulizi hutaja baba, babu, na baba wa babu. Akiulizwa habari za ndugu zao, hujibu kwa maneno machache: "Hao walikwisha wakati wa ndui," au, akiwa mtu wa pwani, "Walichukuliwa na tauni." Baada ya jibu hilo mazungumzo huhamia jambo jingine, na mwandishi wa habari za ukoo huandika katika daftari lake kwamba watu kadhaa walikufa kwa ndui mwishoni mwa karne ya kumi na tisa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu la namna hiyo, kabla halijawa habari ya historia, ni usemi. Na usemi huo una maana zaidi ya moja. Limetaja maradhi, au limetaja mwaka? Limesema kwamba mtu alikufa, au kwamba hakuonekana tena? Maswali haya ni ya mwanaisimu kabla hayajawa ya mwanahistoria, na asiyeyauliza huweza kumzika mtu aliyeishi miaka arubaini zaidi mahali pengine, tena akiwa na wajukuu.

Hapana budi kutegemea usemi kwa sababu maandishi ni haba. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulipoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1904 uliwahusu Wazungu. Sheria iliyofuata ya mwaka 1928 ilifungua mlango kwa Waafrika, lakini uandikishaji haukuenea nchi nzima hadi mwaka 1971. Vitabu vya misheni vya Rabai na Freretown vina majina ya waliobatizwa na waliozikwa, lakini hao walikuwa wachache, na wengi wao walikwisha kupewa majina mapya ambayo jamaa zao wa bara hawakuyajua kamwe. Makaburi nayo hayasaidii sana. Pwani, kaburi la mawe lenye maandishi lilikuwa la mwenye mali. Katika nchi ya Wagikuyu watu wengi hawakuzikwa kabisa. Aliyekaribia kufa alipelekwa kichakani, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee wachache.

Ifaavyo ni kuanza na majina ya maradhi yenyewe. Kiswahili kilikuwa na maneno matatu yaliyotumiwa kwa maradhi ambayo leo huitwa kipindupindu. *Waba* latokana na Kiarabu na maana yake ni maradhi yoyote ya kuenea. *Tauni* pia ni la Kiarabu, na kwa wanazuoni ni maradhi maalumu ya mitoki. Wao husema kwamba kila tauni ni waba ilhali si kila waba ni tauni. *Kipindupindu* ni neno la Kibantu, lililoundwa kwa kurudufisha mzizi wa *pinda* na *pindua*, na lamchora mgonjwa jinsi misuli inavyomkaza na kumkunja. Katika mazungumzo ya kawaida mipaka baina ya maneno haya haikulindwa. Mtu wa Mombasa au wa Unguja aliyesema *tauni* aliweza kukusudia kipindupindu, na kwa sababu hiyo mtafiti anayesoma neno hilo katika hati ya zamani na kulitafsiri kwa maana yake ya kitabibu ya leo hujitafutia matatizo bure.

Miaka ya kipindupindu katika pwani ya Afrika Mashariki yajulikana vizuri kuliko ya maradhi mengine, na shukrani nyingi zamwendea daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyekaa Unguja na kuyaona maradhi hayo kwa macho yake. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876. Alitaja vipindi vinne: mwaka 1821, miaka ya 1836 na 1837, miaka ya 1858 na 1859, na miaka ya 1869 na 1870. Kipindi cha tatu kilishuhudiwa pia na Richard Burton alipofika Kilwa mapema mwaka 1859. Kile cha nne kilikuja kwa njia ya nchi kavu: kilipita kaskazini, kikaingia nchi ya Wamaasai, kikashuka pamoja na misafara mpaka Pangani, na kutoka hapo kikavuka bahari hadi mji wa Unguja mnamo Novemba 1869. Kisha misafara ileile ilikirudisha bara kwa njia nyingine, hata Livingstone akaziandika habari zake mwaka 1870 akiwa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika.

Jambo linalostahili kuangaliwa na wasomi wa lugha ni kwamba habari za vipindi vya kwanza Christie hakuziona, aliziuliza. Wazee wa mjini, mabaharia na wafanya biashara wa misafara ndio waliomweleza. Kwa hiyo kitabu ambacho wengi hukitumia kana kwamba ni daftari la hospitali ni, kwa sehemu kubwa, mkusanyo wa masimulizi ya Waswahili na Waarabu yaliyopitia kalamu ya mgeni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa *kidingapopo*. Mwaka 1870, kipindupindu kikiwa bado hakijasahauliwa, watu wa Unguja walishikwa na homa nyingine ya maumivu makali ya viungo. Wazee waliitambua mara moja wakaiita kwa jina ambalo Christie aliliandika *kidinga pepo*, wakasema kwamba walikwisha kuiona ujana wao, yapata nusu karne nyuma. Christie aliona kwamba ndiyo homa iliyojulikana katika visiwa vya Amerika kwa jina la *dengue*, akadai kwamba jina hilo la Kispania lina asili yake katika neno la Kiswahili. Dai hilo limejadiliwa na kupingwa tangu wakati huo, na si mahali pake hapa. La muhimu ni kwamba jina la maradhi lilihifadhiwa kwa miaka karibu hamsini bila maandishi, likatambuliwa pale maradhi yaliporudi. Lakini hapo hapo mna mtego. Kidingapopo huumiza sana na huua kwa nadra. Ukoo unaosimulia kwamba bibi yao alikufa "mwaka wa kidingapopo" wasema kweli kuhusu mwaka, na yawezekana kabisa kwamba bibi huyo aliuawa na kipindupindu cha miezi michache kabla.

Kuhusu tarehe, pwani ina bahati ambayo bara haina. Mwaka wa Hijra 1286 ulianza Aprili 1869, na Ramadhani yake ilianguka mwanzoni mwa Desemba, kipindupindu kilipokuwa kimekwisha kuingia mjini Unguja. Ukoo unaokumbuka kwamba fulani alikufa kwa tauni katika mwezi wa mfungo umetoa ushahidi ambao waweza kupimwa. Zaidi ya hayo, watu wa pwani walihesabu mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, ambayo mpaka leo husherehekewa Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo ulikuwa wa siku 365 kamili, na uliitwa kwa jina la siku ya juma iliyoangukiwa na Nairuzi: mwaka Jumatano, mwaka Ijumaa, na kadhalika. Kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, jina lilisogea kwa siku moja kila mwaka na kurudi baada ya miaka saba. Baina ya kipindupindu cha mwaka 1858 na kile cha mwaka 1869 ilipita miaka 11. Majina ya miaka hiyo miwili, basi, hayawezi kufanana. Mtafiti akisikia "alikufa mwaka Jumapili" asidhani kwamba ameambiwa siku ya juma. Ni kosa lililo rahisi kutendwa, hasa na mtu aliyejifunza Kiswahili darasani tu.

Hata hivyo, uhodari huu wote wa kuhesabu wawafaa wale tu ambao nasabu zao zilihifadhiwa. Christie mwenyewe alieleza kwamba maradhi yaliwaangukia zaidi watumwa na maskini. Mtumwa aliitwa Mabruki au Feruzi, jina lisilofuatwa na *bin*, na alipoachwa huru aliweza kuandikwa katika nasabu ya bwana wake. Mpagazi aliyekufia njiani hakuwa hata na jina katika hesabu ya msafara. Alikuwa mzigo uliokosa mchukuzi. Wajukuu wa watu hao wapo, wengi mno, na wanapoitafuta asili yao hukuta nasabu ndefu ya Kiarabu iliyo sahihi kila jina, isipokuwa kwamba si yao. Huenda mahali pekee ambapo babu wa kweli amesalia ni katika jina la shamba, au la mtaa, au katika lakabu ya mama.

Pwani kuna neno moja ambalo limezua mashauri mazito kuliko jina lolote la maradhi, nalo ni *tangulia*. Kwa adabu husemwa kwamba marehemu "ametangulia", bila kulinganishwa na yeyote. Katika mirathi, hata hivyo, kutangulia ni kufa kabla ya mtu maalumu. Chukua mfano wa mzee na mmoja wa wanawe waliokufa katika maradhi yaleyale, mzee akiwaacha wana wengine hai, na mwana huyo akiacha watoto wake. Ikiwa mzee ndiye aliyekufa kwanza, mwana alirithi fungu lake, na fungu hilo lilishuka kwa watoto wake. Ikiwa mwana ndiye aliyekufa kwanza, watoto wake hawapati kitu katika mali ya babu, kwa kuwa huzuiwa na ami zao walio hai. Isipojulikana nani alimtangulia mwenziwe, sheria ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ni kwamba waliokufa hivyo hawarithiani, na matokeo kwa wajukuu ni yaleyale ya kukosa.

Maradhi ya kuenea ndiyo hasa huleta hali hii, maana huua watu wa nyumba moja katika siku mbili tatu. Kwa hiyo masimulizi ya kifo pwani si kumbukumbu ya huzuni peke yake. Ni ushahidi uliotengenezwa tangu awali kwa ajili ya kadhi. Tawi moja la ukoo husema, "Babu alitangulia, kisha baba." Tawi la pili husema, "Marehemu baba yenu alikuwa amekwisha kutangulia." Sentensi hizi mbili zasikika kama za heshima tu, na pengine zilisemwa hivyo mwanzo, kabla hazijageuka kuwa hoja kuhusu minazi. Mtafiti hana haki ya kuchagua ile iliyo tamu zaidi. Yampasa aulize kila tawi lilirithi nini, ndipo arudi kwenye usemi.

Bara hali ni nyingine, kwa kuwa hapakuwa na hati wala Hijra. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa balaa zilifuatana. Wamaasai huuita wakati wao *emutai*, neno lenye maana ya kumalizwa kabisa: mapafu ya ng'ombe kuanzia mwaka 1883, sotoka mwaka 1891, ndui mwaka 1892, na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika nchi za Wagikuyu, Wakamba, Waembu na jirani zao ukame ulianza mwaka 1897, ukawa njaa kuu, na ndui ikazuka ndani ya njaa hiyo, hadi mwaka 1900. Wakamba waliiita njaa hiyo *Ngomanisye*, jina ambalo hufasiriwa kuwa iliyofika kila mahali. Wagikuyu waliiita *Ng'aragu ya Ruraya*, njaa ya Ulaya. Jina hili la pili lina historia ndani yake: *Ruraya* ni *Ulaya* ya Kiswahili iliyopitia sauti za Kigikuyu, yaani Wagikuyu waliwataja Wazungu kwa neno walilolipata kutoka kwa watu wa misafara.

Ndui kwa Kigikuyu ni *mutung'u*. Sasa, Wagikuyu waliyapa marika ya tohara majina ya mambo makubwa ya wakati wao, na miongoni mwa majina hayo mna *Ngigi*, yaani nzige, na *Mutung'u*. Godfrey Muriuki aliyatumia marika hayo kwa ustadi katika kuipangia miaka historia ya Wagikuyu, katika kitabu chake cha mwaka 1974. Lakini kile kilichokuwa msaada kwa historia ya taifa zima huweza kuwa tanzi kwa anayemtafuta mtu mmoja. Mzee akisema kwamba babu yake "alikuwa wa Mutung'u", amesema kwamba babu alitahiriwa katika rika hilo. Akisema kwamba babu alikufa "wakati wa Mutung'u", huenda akakusudia kwamba alikufa kwa ndui, au kwamba alikufa, kwa sababu yoyote iwayo, katika siku ambazo vijana wa rika hilo walikuwa wakitahiriwa, au pengine katika ndui nyingine, kwani ndui haikuja mara moja tu. Katika usemi wa mdomo hapana herufi kubwa ya kutenganisha jina la rika na jina la maradhi. Herufi hiyo huwekwa na anayeandika, naye kwa kuiweka amekwisha kuamua.

Kuna ugumu mwingine. Jina la rika halikuwa moja katika Kiambu, Murang'a na Nyeri, wala mwaka wake haukuwa mmoja. Aidha, palikuwa na vipindi vya *muhingo*, yaani kufungwa, ambapo wavulana hawakutahiriwa kwa miaka kadhaa. Baada yake waliingia pamoja vijana waliopitana sana kwa umri. Kwa hiyo kujua rika la mtu si kujua mwaka wake wa kuzaliwa. Ni kujua tu ni nani waliokuwa wenziwe.

Baada ya jina la balaa hubakia kitenzi, na hapa ndipo utafiti mwingi umeharibika. Kigikuyu kina *gukua*, kufa, na *kuura*, ambacho ni kukimbia na pia kupotea. Kiswahili cha mkalimani hugeuza vyote viwili kuwa "alikufa", au huvificha katika "alikwisha". Tofauti yake ni kubwa kupita kiasi. Katika njaa ya 1897 hadi 1900 watu waliyahama makwao kwa maelfu. Wakamba waliingia nchi za Wagikuyu, Waembu na Wambeere; jamaa waliwaweka rehani wanawake na watoto kwa wenye chakula, wakitumaini kuwakomboa mvua itakapokuja. Wengine walikombolewa. Wengine hawakufuatwa, ama kwa kuwa waliowaweka walikufa kwa ndui, ama kwa kuwa mtoto alikwisha kuwa wa nyumba nyingine, amepewa jina na kuingizwa katika rika. Kwa ukoo aliotoka, mtoto huyo "alikwisha wakati wa njaa". Kwa ukoo alioingia, yeye ni babu.

Majina ya watu huweza kuonyesha alipopita. Mkamba aliyeitwa *Wayua* hubeba neno *yua*, njaa. Miongoni mwa Wagikuyu, *Nyokabi* humtaja mwanamke wa asili ya Kimaasai, na baada ya emutai wanawake na watoto wengi wa Kimaasai walitafuta hifadhi kwa Wagikuyu. Desturi ya Wagikuyu ni kuwaita wajukuu majina ya babu na bibi: mvulana wa kwanza kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Kwa utaratibu huo Nyokabi wa leo aweza kuwa mjukuu wa mjukuu wa mkimbizi, naye hajui lolote ila kwamba jina ni la cucu wake. Tahadhari yahitajiwa, hata hivyo, kwa maana Wamaasai na Wagikuyu walioana na kutekana zamani sana kabla ya mwaka 1892. Jina huthibitisha uhusiano. Tarehe hupatikana kwingine. Na yule aliyekufa kijana, bila mtoto, hana mjukuu wa kuliamsha jina lake, isipokuwa ndugu zake walimkumbuka walipoufikia zamu ya jamaa wa pembeni. Wengi wa waliouawa na ndui walikuwa wa umri huo.

Yeyote anayeona kwamba tofauti ya *gukua* na *kuura* ni mchezo wa wanaisimu na aangalie yaliyotokea Kiambu. Njaa na ndui ziliwaua wengi huko, na wengi wa waliosalia walirudi kwa jamaa zao Murang'a na Nyeri. Mashamba yakaota magugu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka michache baadaye walowezi wakaanza kugawiwa ardhi ambayo ilionekana tupu. Wenyewe waliporudi walikuta vizingiti. Mwaka 1932 iliundwa Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter, na mbari za Wagikuyu zikafika mbele yake kuzitaja nasaba zao, mpaka wa kila *githaka*, na nani alikuwa akilima wapi kabla ya njaa. Ripoti ilitolewa mwaka 1934, na ushahidi wenyewe ukachapishwa katika majuzuu matatu.

Majuzuu hayo yastahili kusomwa upya katika idara za lugha za Kiafrika, kwa sababu maneno ya wazee yalifika kwa Tume yakiwa yamekwisha kutafsiriwa. Mbari ambayo wazee wake *walikufa* yaliweza kuhesabiwa mashamba yake kuwa yaliyoachwa wazi na balaa. Mbari ambayo wazee wake *walihama* kwa muda ilikuwa imenyang'anywa. Kitenzi kimoja cha mkalimani kiliweza kusimama baina ya hali hizi mbili. Wala wazee hawakuwa na mazoea ya kutaja idadi, kwa kuwa kuwahesabu watu kulikuwa mkosi. Walipobanwa watoe hesabu walitoa usemi, na usemi ukaandikwa kama hesabu.

Yabaki maneno ya ujamaa, ambayo yamewafuta wafu wengi kuliko ndui yenyewe. Katika lugha nyingi za Kibantu ndugu wa kiume wa baba ni *baba*. Kiswahili huongeza "mkubwa" au "mdogo" pale panapohitajiwa kutofautisha, na aghalabu hapahitajiwi. Mtoto aliyefiwa na baba yake mwaka 1899 akalelewa na baba mdogo alimwita "baba" maisha yake yote, na kwa haki. Wajukuu wake walipoulizwa jina la baba wa babu yao walilitaja jina la mlezi. Baba mzazi akadondoka katika nasaba bila mtu yeyote kusema uongo. Ndugu hao wawili huonekana leo kuwa mtu mmoja, na ikiwa mlezi aliishi hadi mwaka 1930, hakuna anayedhani kwamba ukoo huo ulifiwa na mtu katika ndui.

Kwa Wajaluo mambo hugeuka upande wa pili. Mjane aliyeingia katika *ter* na ndugu wa marehemu aliendelea kuzaa kwa jina la marehemu, na watoto hao waliitwa wa kwake. Mtu aliyekufa mwaka 1895 aweza, kwa nasaba iliyo sahihi kabisa kimila, kuwa na mwana aliyezaliwa mwaka 1903. Mtafiti anayefanya hesabu kwa kurudi nyuma kutoka kwa mwana ataongeza miaka minane katika uhai wa baba, na kumwondoa katika balaa iliyomuua.

Kwa sababu hizi swali "Babu yako alikufa lini?" halifai kuwa la kwanza, na kwa Kiswahili halifai hata kuwa la pili ikiwa mzee anayeulizwa huota kwa Kigikuyu au Kikamba. Afadhali aulizwe kwa lugha yake ni nani aliyemlea baba yake, na kwa nini. Aulizwe ni nani katika nyumba hiyo aliyekuwa na makovu ya ndui usoni, kwa kuwa aliyepona ndui hakuishikwa tena na ndiye aliyewauguza wengine. Makovu yake hukumbukwa hata jina lake linaposahauliwa. Aulizwe ni jina gani lilitakiwa kupewa mtoto wa pili likapewa wa nne, na ni shamba gani ambalo ukoo hulitaja kuwa lao ingawa hakuna aliyepata kulilima. Jibu liandikwe kama lilivyotamkwa, kitenzi kwa kitenzi, na tafsiri iwekwe pembeni yake, ili atakayekuja baadaye aweze kuona kama mzee alisema *kufa* au alisema *kupotea*.